Joto la Mwalimu

Mwalimu wa hesabu alifungua dirisha la treni, jasho likimtiririka shingoni. Mkunga mstaafu aliyeketi mbele yake akauliza, "Hedhi imekoma, mdogo wangu?"

"Mwaka huu, dada. Joto likinipanda usiku nahamia sebuleni."

"Mimi nilipunguza kahawa na pilipili, nikazidisha mboga, nikatembea kila asubuhi. Halikuisha, ila lilipungua. Mzee anasemaje?"

"Anadhani nimemchoka. Naona haya kumwambia."

"Mficha uchi hazai!"

"Kuzaa si ndiko kumekwisha, dada?"

Wakacheka hadi abiria wakageuka. Treni iliposimama, mumewe alikuwa stesheni akimsubiri, amemshikia sweta asije akapigwa na baridi. Mwalimu akashuka taratibu.

"Sweta liweke kwanza, baba watoto," alisema. "Nina neno."