Picha Mbili Zilizogandana: Risala ya Wapenzi wa Opera wa Casalbruno

Mgeni rasmi, Bi Ornella Tassinari, sauti iliyotunyamazisha sisi tusionyamaza hata mbele ya padri, karibu tena Casalbruno. Kiti ulichokalia ni imara. Tumekijaribu kwa Mzee Oreste, mwenyekiti wetu, na mwili wake unauona.

HISTORIA
Chama chetu kilianzishwa na mashabiki waliofukuzwa roshani ya juu ya ukumbi wa opera wa mji wa Parma kwa kuzomea waimbaji. Tangu hapo kila mwimbaji aliyepita hapa tumemlisha, tumemnywesha, naye akatusainia picha. Kuimba hatujui. Kukosoa tumebobea.

MAFANIKIO
Nyama yetu ya paja la nguruwe haina mpinzani kandokando ya mto Po. Habari za picha zinafuata, kwenye changamoto.

CHANGAMOTO
Tulipojiuliza picha zenye saini zitunzwe wapi, Mzee Oreste alisema, "Chumba cha chini, tunapotundika nyama. Giza lipo, ukungu wa mto unaingia. Nyama inazidi utamu mle, seuze karatasi?"

Dina, mpishi wetu, akamjibu, "Mzee wangu, picha haziliwi!"

Tukamzomea Dina.

Leo Dina ndiye mtunzaji. Kila picha ina bahasha yake, kabatini, ghorofani, mbali na jua na unyevu. Mwenye mikono ya mafuta haingii, kwa hiyo Mzee Oreste haingii.

Ila kwa picha mbili tulichelewa: yako, na ya marehemu Gualtiero Manfrin, aliyekuwa mumeo. Tunajua hamkusemezana tangu mlipoachana. Tulipouliza nani kawalaza uso kwa uso, Mzee Oreste alijibu, "Si zilikuwa saizi moja?" Unyevu ukazigandanisha.

Gualtiero, alipoambiwa kuwa nawe uliwahi kupita hapa, aliomba kalamu akaandika maneno mengi kwenye uso wa picha yake. Hakuna aliyeyasoma. Tulikuwa tunakula.

Fundi kutoka mjini ametuambia, "Nikiziloweka zitaachana, lakini wino utaondoka na maji. Sura mtazipata. Maandishi sahauni."

MAOMBI
Wapo wanaosema tumekualika ili tukuombe sanduku lako la picha. Mgeni rasmi, usitupe sisi! Wape watu wenye akili.

Ombi letu ni moja. Bahasha iliyo mbele yako, kando ya sahani, ndimo mlimo nyinyi wawili. Sema tuwatenganishe, tuione sura yako na yake, maneno yake yapotee. Au sema tuwaache, maneno yabaki palepale alipoyaandika, yameegemea shavu lako, bila kusomwa na mtu. Sisi tumebishana mwaka mzima, tukarushiana hata mikate. Uamuzi ni wako, na kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe, hatutazomea.

Mungu akukinge na jua kali, na unyevu, na mikono yetu.

Ni sisi, Wapenzi wa Opera wa Casalbruno,
kwa kinywa cha Ivo Bertolazzi.