Nilivyoanguka Ndani ya Ndege

Wapendwa wa jumuiya yetu ya Somanda, nawasalimu katika ibada hii nikiwa mzima, na leo neno hilo nimelipima kabla ya kulisema.

Wengi mnanifahamu kwa mgahawa wangu karibu na hospitali, wa kwanza Bariadi hii kuweka vitambaa mezani. Nilijenga mwenyewe. Lakini vijana hawajui kwamba mtoto huyu wa mkulima wa pamba alikuwa na diploma ya mambo ya hoteli wakati wenzake wengi hawajamaliza darasa la saba. Serikali ilipofungua milango kwa watu binafsi, zikaja kampuni mpya za ndege. Tulijaa kwenye usaili, wakanichukua mimi. Nikawa mhudumu wa ndege, nina suti ya buluu na viatu vinavyong'aa.

Siku moja ya masika tulikuwa tunakwenda Mwanza. Tulikuwa wahudumu wawili, mimi na dada mmoja wa Tanga. Rubani akapiga kengele ya kutuketisha. Mwenzangu akaketi, akafunga mkanda. Mimi nilikuwa katikati ya njia na toroli la chai ya moto, na toroli haliachwi hivi hivi, litaua mtu. Nikawa nalisukuma kulirudisha mahali pake.

Ndugu zangu, ndege ikadondoka kama ndoo iliyokatika kamba. Nikagonga dari. Niliporudi chini, mtulinga ulivunjika kwenye mkono wa kiti, na toroli likanilalia mguu. Watu wanalia, wanataja majina ya mama zao. Yule dada akaninyooshea mguu wake kutoka kwenye kiti. "Usisimame," akasema. "Shika hapa, usiachie."

Mzee mmoja mfanyabiashara akaniinamia. "Kijana, tunakufa?"

Nikatabasamu pale sakafuni. "Hapana mzee, ni barabara mbovu tu. Tutapita."

Ndivyo tulivyofundishwa. Abiria akitazama uso wa mhudumu asione kitu.

Tulitua salama. Mfupa ukaunga. Lakini siku ya kurudi kazini nilifika kwenye ngazi ya ndege, miguu ikakataa. Nikajaribu tena siku nyingine, ikakataa. Ofisi wakanivumilia kidogo, kisha wakaniaga kwa heshima.

Nikabaki Mwanza kwenye chumba cha kupanga. Nawaambia ukweli, nilipika ugali wa mtu mmoja, nikautandikia kitambaa, nikajihudumia mwenyewe. Kila Jumapili nilipiga pasi ile suti, nikairudisha msumarini. Ndege zikipita juu ya bati, nilishika kitanda. Nikikutana na mtu wa Bariadi mjini, ananiuliza, "Vipi huko angani?" Nami najibu, "Salama kabisa." Uso hauonyeshi kitu. Anafurahi, anaondoka. Nilitamani angebaki.

Kisha akaja shangazi yangu, tuliyemwita sengi kama tunavyosema nyumbani, ameletwa kutibiwa macho. Akalala kwangu. Asubuhi akaanza salamu zetu zile ndefu za Kisukuma, za kuulizana kama kila kitu ni mhola, salama.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola, sengi."

"Nyumba?"

"Mhola."

"Kazi?"

"Mhola."

"Chakula kinapita?"

"Mhola."

"Usingizi?"

Nikaitazama ile suti msumarini. Mjini watu huishia salamu ya kwanza. Hakuna aliyewahi kufika kwenye usingizi.

"Sina haraka," akasema. "Basi langu ni kesho."

Nikamwambia yote, nikalia kama mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mfupa umeunga?"

"Umeunga."

"Basi twende nyumbani. Kwa basi."

"Watanicheka, sengi."

"Watacheka, watachoka. Wana pamba ya kuchuma. Na hiyo diploma yako, imeandikwa uitumie angani tu?"

Mlinicheka kweli. Kuna aliyeniita rubani wa miguu, na leo yumo humu, anakula kwangu kila siku ya mnada. Nilianza na meza mbili za kuazima na chai ya maziwa. Hayo mengine mnayaona wenyewe, na sioni haya kujisifu. Ndege sijapanda tena.

Namshukuru yule dada wa Tanga aliyenipa mguu wake niushike. Nawashukuru ninyi mlionipa meza. Sengi simshukuru tena ila kwa kumtembelea kaburini. Tangu tumzike, watu hupita mlangoni kwangu, wanaona shati limenyooka, wanasema "Salama, bosi?" na wanaendelea na safari.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Mkimsalimia mtu, msitosheke na jibu lake la kwanza, hata kama amevaa vizuri, hata kama anacheka. Ulizeni nyumba, ulizeni chakula, mfike mpaka kwenye usingizi. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Anzeni na mimi.