Mama Hakikisha na Orodha Nyekundu

Miaka thelathini na miwili, si mchezo! Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Hakikisha anakabidhi ufunguo wa kabati la mafaili na kustaafu katika idara yetu ya miadi ya wagonjwa. Nimeagizwa niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alianza kama karani, akapanda hadi msimamizi. Ndipo ikaletwa kompyuta ya akili mnemba. Kila asubuhi hutoa orodha nyekundu ya wagonjwa ambao, kwa makisio yake, hawatakuja, ili nafasi zao wapewe wengine. Sisi tulishangilia. Yeye aliuliza tu, hao watu wamemwambia nani kwamba hawaji?

Kwake dhana mbaya ni dhambi, hata ikitoka kwenye mashine. Habari ikikufikia, alisema, dini inakutaka uihakikishe kabla hujamdhuru mtu. Basi akawa anawapigia simu mmoja mmoja, na kumaliza kabla ya adhuhuri. Tukamcheka, tukampa jina hilo la Hakikisha. Alipoombwa aiingizie mashine siri za wagonjwa ili ikisie vizuri zaidi, aligoma katakata: siri ya mtu ni amana.

Mwaka juzi akiwa likizo, mimi mjuaji niliiamini orodha. Nikagawa nafasi ya bibi mmoja wa kliniki ya macho. Kumbe bibi alikuja, tena alfajiri! Miadi ya nyuma aliikosa kwa sababu ujumbe wetu ulikuwa ukienda kwenye simu ya mwanawe, naye ni marehemu. Safari hii jirani ndiye aliyemsomea tarehe kwenye kadi. Mashine haikujua, nami sikuuliza. Alisubiri miezi mitatu mingine, na jicho la kushoto likapofuka.

Mama aliporudi hakunigombeza, heri angenigombeza. Alinivutia kiti kando yake, akanisogezea simu. Tangu siku hiyo tuligawana orodha nusu kwa nusu.

Wiki hii anamalizia likizo yake, na orodha yote ni yangu. Jana walikuwa kumi na wanne. Kumi na mmoja wanakuja, mashine na itubu. Tisa waliniuliza yule mama yuko wapi. Mungu anisamehe, nilishindwa kusema kwamba anastaafu. Niliwajibu ametoka kidogo, anarudi.

Mama, tumeshakukumbuka na hata hujaaga. Asante kwa yote. Mola akupe afya, usingizi mnono na wajukuu wasikivu. Simu nitazipiga mimi.