Mpaka Bosi Alione

Mshonaji aliyekuwa na ndoo tupu mapajani alitega sikio ndani ya basi aliposikia abiria wa mbele, fundi wa shirika la maji la serikali, akimlalamikia jirani yake wa kiti.

"Mkurugenzi mpya hataki bomba lililopasuka liguswe mpaka alione kwa macho yake! Zamani nilikuwa naziba kabla chai haijapoa. Sasa tunakodoa macho tu, dada yangu."

"Afadhali wenu anakuja," akajibu jirani huyo, karani wa shirika la reli. "Wetu alisema sisi ni watu wazima, kila mtu ajisimamie. Basi kila mtu akajisimamia nyumbani kwake."

"Lakini anawaamini!"

"Anatuamini wapi? Hata majina yetu hayajui."

Mshonaji akaguna. Ndoo yake iliyokosa maji haikuona tofauti kati ya mabosi hao wawili.

Ghafla basi likasimama. Bomba lilikuwa limepasuka, barabara imegeuka mto, na vijana wa shirika la maji wameketi juu ya masanduku ya vifaa, wamekunja mikono.

"Fundi, si uko hapa wewe?" mshonaji akafoka.

"Nipo, mama," akajibu fundi akishuka. "Ila bosi hajaliona."

Akasogeza sanduku moja, akaketi.