Kosa la Wiki: Wasifu wa Marehemu Nusanusa

Ndugu, majirani, wakufunzi wenzake, na nyinyi mliotumwa na ofisi: tunayemzika leo ni huyu, na haya ndiyo maisha yake kama sisi wa nyumbani tunavyoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Machi 1971, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi saa na mshonaji. Cheti kinasema tarehe 9. Mama alisema 8, na mama ndiye aliyekuwepo. Tangu alipojua kushika kikombe hakunywa kitu bila kukinusa kwanza, hata maji, ndipo dada yake, ninayewasomea hapa, akampa jina la Nusanusa. Jina likamganda mpaka utu uzima.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha rangi, kisha sekondari ya wavulana, akamaliza mwaka 1989. Walimu waliompenda hawakuwa wengi, kwa sababu kila alichoambiwa alijibu, “Umejuaje?” Mwalimu wa kemia alimshtaki kwa baba: “Mwanao hata nikimwambia leo Jumatatu, anakwenda kutazama kalenda.” Baba akasema wasiotazama ndio wanaomletea saa mbovu.

Mwaka 1991 alijiunga na zimamoto, akapanda cheo hadi ukufunzi. Mwaka 2009 alihamishiwa studio ya mafunzo iliyopo ghorofa ya pili ya makao makuu, chumba kisicho na dirisha, kuta zimevikwa zulia. Kila Jumatano asubuhi alifundisha kwa matangazo ya moja kwa moja namna ya kujiandaa na silaha za maangamizi: za sumu, za vijidudu na za mionzi. Waliomtazama ni zimamoto, polisi, wauguzi na watu wa magari ya wagonjwa, kila kundi kituoni kwake. Alijua fika kwamba vituo vingine viliwasha runinga kisha watu wakaenda zao kunywa chai. Kwa hiyo kila wiki alifanya kosa moja makusudi mbele ya kamera, na kituo cha kwanza kupiga simu kulitaja kilisifiwa hewani. Wenyewe waliliita Kosa la Wiki. Chai ikaanza kupoa vikombeni.

Siku moja alivua barakoa kabla ya ovaroli. Muuguzi mmoja akapiga simu: “Mwalimu, ovaroli bado inachuruzika na barakoa umeshavua. Huo uso huutaki?” Marehemu akashuku kuna mtu wa studio aliyemnong’oneza. Wiki iliyofuata akabadilisha kosa dakika ya mwisho bila kumwambia mtu, na muuguzi yuleyule akapiga tena. Ikabidi aende hospitalini kumwona kwa macho yake. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2010, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Wifi yangu ndiye mtu pekee ambaye ndugu yangu alikunywa chai yake bila kuinusa.

Jumatano tarehe 5 Juni mwaka huu somo lilifanyika uani, nyuma ya karakana, kwa moshi wa mazoezi. Makopo ya moshi aliyoyazoea yalikuwa yamekwisha, akaletewa mengine. Alimpigia mkewe simu asubuhi ile: “Nimeuliza yametoka wapi, naambiwa ni yaleyale. Kama ni yaleyale, lebo imekwenda wapi?” Mkewe alimwambia asiyaguse. Akajibu kwamba vituo vyote vinasubiri, na barakoa anayo.

Barakoa haikufua dafu. Watazamaji walimwona akikohoa, akaivua katikati ya moshi, akapiga magoti na kupunga mikono. Simu za studio hazijawahi kulia namna ile. Mpokea simu anasema wa kwanza alikuwa anacheka: “Tumelikamata! Kavua barakoa ndani ya moshi!” Mwenye kamera akasogea, ili kosa lionekane vizuri.

Wifi alikuwa wodini akitazama pamoja na wanafunzi wa uuguzi. Mumewe hakurudia kosa hata mara moja, na la barakoa alishalifanya. Nani alijue kuliko yeye? Akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Akajibiwa, “Tulia dada, na sisi tunamtazama hapa. Ni Kosa la Wiki hilo.” Akatoka mbio mwenyewe. Alimkuta amelala kifudifudi, kamera bado inawaka. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 8 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Yule aliyepokea simu ya gari la wagonjwa alikuja msibani, akalia na sisi, na hatuna kinyongo naye. Kinyongo chetu kiko kwingine. Ofisi ilituletea aya iliyokwisha kuchapwa, tuisome hapa, isemayo kwamba marehemu alikufa kwa pumu ya tangu utotoni. Nimelala naye chumba kimoja utoto wote, sijamsikia akibanwa kifua. Tuliomba makopo, tukaambiwa yote yametupwa. Ofisi hiyohiyo imetunza viti vilivyovunjika tangu marehemu anaajiriwa, leo imekuwa na haraka ya usafi. Tulipouliza nani aliyeyanunua, hatukujibiwa, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi sikieni. Makopo hayakutupwa yote. Wifi yangu alipomwinua mumewe aliokota moja, akalifunga kama mumewe alivyomfundisha hewani, na sasa liko maabara, kwa watu wasioajiriwa na yeyote aliyepo hapa.

Marehemu ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, na dada mmoja. Apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika tukishajua alivuta nini.