Rangi ya Vifaru Arobaini

Mama mchanga alikuwa akimnyonyesha mwanawe ndani ya treni ya asubuhi aliposikia mshonaji aliyeketi mbele yake akiigombeza simu, iliyokuwa na mchezo wa viwanda vya silaha.

"Huyu Chuma Moto ataniua kwa presha! Vita vya nyumbani mchezoni vimekwisha, sasa ni mataifa ya nje tu yanayotafuta silaha, naye ananinyang'anya kila mkataba."

Fundi saa, mzee aliyeketi kando ya mshonaji, akakohoa. "Kiwanda chako kinaitwaje?"

"Sindano na Wanawe."

"Basi Chuma Moto ndiye mimi."

Miezi minane wamepigana vikumbo bila kuonana! Mama mchanga akasahau hata kumcheulisha mtoto.

"Shikamoo, mwizi wangu," mshonaji akasema.

"Marahaba, binti. Mbona vifaru vyako havijaondoka? Mwisho ni saa mbili kamili."

"Nimevipaka rangi ya mchanga, vyote arobaini. Nilichagua kwa macho, kama kitambaa. Kumbe mnunuzi anaishi kwenye theluji! Akivikataa, kiwanda changu kinafungwa."

"Nina rangi nyeupe ghala zima. Nakutumia."

"Bure? Sitaki huruma yako, mzee."

"Huruma gani? Ukifungiwa, nitagombana na nani kila siku?"

"Chukua nusu ya mkataba, ndipo nipokee."

"Sichukui hata risasi moja."

"Mbishi!"

"Wewe je? Bonyeza 'Pokea', zimebaki dakika mbili!"

Treni ikasimama kituo cha mwisho, milango ikafunguka. Macho kwenye simu, hakuna aliyeinuka kati yao, wala mama mchanga, ingawa alikuwa amechelewa kazini.