Kwaheri Kutoka kwa Anayebaki

Mkurugenzi wetu Bwana Viren, mama yake mzazi Mama Dayaben, Mheshimiwa MCA wetu wa bunge la kaunti, Bi Emmah wa ofisi ya wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenzangu wa mkanda wa kuchagua kokwa za makadamia, ambao leo mlistahili kutajwa wa kwanza: hamjambo?

Hata hamjaitika vizuri. Sawa tu, nimezoea.

Kwa wageni wasionijua, mimi naitwa Nyawira. Mashine mpya imeingia kiwandani, mkanda wetu unafungwa leo, na sote tuliokuwa tukichagua kwa mikono tunaagwa, isipokuwa mimi. Mimi nabaki kuiangalia mashine. Sasa niambieni, ni nani aliyeona ni jambo la busara anayebaki ndiye asimame kuwaaga wanaotoka? Bi Emmah, nakupenda, lakini hapa umeniweka pabaya.

Mwezi uliopita Bi Emmah alisimama papa hapa kantini akatusomea neno la Kizungu, redundancy, na tukatazamana. Redioni wanaliita retrenchment. Vijana wetu wa Mwiki wanasema layoff, kana kwamba ni aina ya simu. Yule mama wa mandazi pale getini hakuzunguka: "Woi, kumbe mmepigwa kalamu!" Na mchungaji wetu wa Makongeni akasema Mungu anawafungulia mlango mwingine, mpaka nikatamani kumuuliza mlango huo uko mtaa gani. Kila mtu ana neno la kumpa anayeondoka, na kwa neno hilo anapata pole, anashikwa mkono, anapikiwa chai. Je, anayebaki anaitwaje? Nimetafuta, sijapata. Watu huniambia tu nina bahati, halafu wanageuka na kwenda zao.

Ndugu wageni waalikwa, acheni niwaambie juu ya mtu mmoja. Mwongeli, najua umeketi kule nyuma karibu na mlango. Nilipoajiriwa, macho yangu yalikuwa mazito, makadamia mbovu zikinipita nazitazama tu. Mwongeli aliketi mbele yangu, ng'ambo ya mkanda. Zile nilizoziruka alizidaka yeye, akazitupa, wala hakumwambia msimamizi, wala hakunicheka, ila njiani tukirudi nyumbani alinicheka hadi akashika ukuta. Mikono ya huyu mama ilikuwa ikijua kokwa mbovu kabla hajaitazama. Bwana Viren, mashine yako ni ya haraka kweli, hilo sibishi, lakini haijawahi kumfichia mtu aibu.

Tunaishi ploti moja ya vyumba vya kupanga, tunatumia kamba moja ya kuanikia nguo. Tangu majina ya wanaoondoka yasomwe, Mwongeli akinisikia nafungua mlango, anaanua nguo zake zikiwa bado mbichi na kuingia nazo ndani. Hajanitukana. Afadhali angenitukana! Nikiingia kantini, meza nzima inakumbuka ghafla kwamba chai imekwisha. Haki ya Mungu, sijawahi kuwa mpweke hivi, na hata huo upweke wenyewe sina ruhusa ya kuulalamikia, kwa sababu mimi nina kazi.

Basi niseme mbele ya wakubwa, maana mahali pengine sijapewa nafasi. Mafunzo ya mashine yalipokuja, jina lililopendekezwa lilikuwa la Mwongeli. Wiki hiyohiyo mamake akafariki, naye Mwongeli akaenda kwao Kangundo kuzika. Mimi nikapelekwa ili kiti kisikae tupu. Ni nani kati yetu aliyejua kwamba kiti kile ndicho kingeamua nani abaki? Watu wanasema nilijipendekeza. Sikujipendekeza. Nilichofanya ni kwenda ofisini kwa Bwana Viren kuomba tugawane kazi hiyo, Mwongeli afanye asubuhi, mimi mchana. Bwana Viren, ulinisikiliza kwa heshima, ukanijibu kwamba mashine inahitaji mtu mmoja. Mwongeli, hili hukulijua. Ningekuambia pale kwenye kamba, lakini ulikuwa umeshaanua nguo.

Wenzangu, Jumatatu nitaingia kile chumba cha vioo peke yangu. Hakuna atakayeniuliza nimeamkaje, mtoto amepona, mume amerudi saa ngapi. Nawaomba kitu kimoja tu: tukikutana sokoni, msivuke barabara. Nisimamisheni. Niulizeni hata habari za mashine, nitaisema vibaya mfurahi.

Bwana Viren, asante kwa chakula na kwa mablanketi haya yaliyopangwa hapa mezani. Mama Dayaben, asante kwa kuja, na kwa kulia pamoja nasi bila kujificha. Nyote mlionivumilia hadi hapa, asanteni kwa masikio yenu.

Ratiba inasema mimi ndiye nitakayetoa zawadi, mkono kwa mkono, na naanza na aliyekaa kwenye mkanda muda mrefu kuliko sote. Ukifika hapa mbele sema lolote, dada yangu, hata kama ni baya. Simama, Mwongeli. Tafadhali. Njoo uchukue blanketi lako.